Seva ya video nyumbani Mji wa Kale: kimashine cha mtumba, N100, NAS au Pi?

#1 MwanaKuze
Salaam jamaa. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, ina ghorofa mbili, na kila ghorofa ina TV yake. Nimeweka Jellyfin, programu ya bure ya kurushia TV video zilizo nyumbani, kwenye laptopu ya zamani (prosesa ya Intel i5 kizazi cha 5, RAM ya GB 8) na diski ya nje ya TB 4. Ndani mna kanda za VHS za marehemu mzee nilizozitia kwenye kompyuta, DVD za watoto, na harusi za ukoo tangu enzi za picha kutetemeka hadi hizi za 4K.

Za zamani zacheza bila matata. Harusi mpya ndizo zinazonitoa jasho: picha yaganda, kiduara chazunguka, sauti yaenda mbele peke yake. Chini kwangu ni afadhali. Juu kwa mama hakutazamiki, na jioni ndiyo kabisa.

Mfukoni nina 35,000. Dukani nimeonyeshwa HP EliteDesk 800 G3 ile ndogo, mtumba wa Uingereza. Kimashine kipya chenye prosesa ndogo ya Intel N100. Na NAS ya Synology, yaani sanduku la kuwekea faili kwenye mtandao wa nyumbani, ambayo diski zake wajinunulia mwenyewe. Binamu yangu naye ashikilia kwamba Raspberry Pi 5, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yatosha. Kipi? Tena nina kaka yuko Muskat, ataka kuziona harusi alizozikosa.

#2 FundiMwembeTayari
Laptopu hiyo ndiyo mchawi wako. Chipu ya picha ya Intel kizazi cha 5 haiiwezi HEVC, ile namna mpya ya kubana video, sawasawa, na 4K za siku hizi nyingi ni HEVC. Kazi yote yaangukia prosesa yenyewe, nayo ina viini viwili tu. Kizazi cha 6 kilikuja na HEVC ya biti 8. Biti 10 imeingia na kizazi cha 7.

Sasa sikiza hapa. G3 yauzwa ikiwa na kizazi cha 6 au cha 7, sanduku ni lilelile, huwezi kuitambua kwa nje. Ukiletewa i5-6500T, rudisha. i5-7500T, chukua. Ukibahatisha G4 yenye i5-8500T, lipa kabla mwenye duka hajabadili nia. Na usitie pesa mpaka iwashwe mbele yako uone jina la prosesa kwenye kioo, si kwenye stika.

#3 Mpenda_Bure
Flashi. Chomeka nyuma ya TV. Kwisha.

#4 BintiTudor
@Mpenda_Bure na nani atampelekea mama flashi juu kila akitaka kubadilisha harusi, wewe? Halafu flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Harusi ya 4K yazidi hapo kabla bibi harusi hajatoka ndani.

#5 Mtwapa_Sola
Mimi nauliza stima kwanza. Seva hulala macho, haizimwi. Piga hesabu uniti moja kwa shilingi 30 ili iwe rahisi. Kimashine cha wati 10 chala uniti 7.2 kwa mwezi, yaani 216. Kompyuta kubwa ya mnara inayokula wati 60 yala uniti 43.2, yaani 1,296. Tofauti ni zaidi ya elfu moja kila mwezi, na hujatazama hata picha moja. N100 ikiwa haina kazi hukaa kati ya wati 6 na 10 hivi ukutani. Hizo EliteDesk ndogo haziko mbali nayo. Kwa hivyo mtu akikushauri mnara wa zamani kwa sababu ni rahisi, mwambie akulipie token.

#6 MkiaWaWaya
Nyote mwanunua mashine na hakuna aliyeuliza ukuta. Mji wa Kale! Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima. Waifai ya gigahazi 5 ikigonga ukuta wa hivyo mara mbili imekwisha, na ile ya 2.4 hupenya lakini yafika imechoka, tena yagombana na rauta za majirani wote. Ndiyo maana jioni ni mbaya zaidi: kila mtu amerudi nyumbani, kila mtu amewasha. Mchawi si laptopu. Vuta waya hadi kwa mama kisha uje utuambie.

#7 Kusi_na_Kaskazi
Kebo zote za baharini, SEACOM, TEAMS, EASSy, zimetua hapa hapa Mombasa, na video ya harusi yashindwa kupanda ngazi 😂

#8 FundiMwembeTayari
@MkiaWaWaya waifai mbovu haitangulizi sauti. Sauti ikienda na picha ikabaki, prosesa imelemewa.

#9 MkiaWaWaya
Haitangulizi? TV nyingine zikikosa data hufanya vituko vyote hivyo. Mwache apime.

#10 BintiTudor
Badala ya kubishana mwulizeni Jellyfin yenyewe. @MwanaKuze fungua ukurasa wa msimamizi mama akiwa anatazama. Utaona kama faili inacheza moja kwa moja au inageuzwa, na ikiwa inageuzwa bonyeza ile alama ya maelezo: imeandikwa sababu. Kodeki (namna video ilivyobanwa) haikubaliki, sauti haikubaliki, au maandishi ya chini. Hili la mwisho huwapita watu. Maandishi ya DVD na Blu-ray ni picha, si herufi. TV isipoyaweza, seva yalazimika kuyachoma juu ya kila fremu na kuisuka video upya tangu mwanzo. Mtu aona filamu ni nyepesi, kumbe maandishi ndiyo yanayoiua mashine.

#11 DarMpaka
Wakuu habari za Mombasa. Mimi niko Kigamboni, natumia Raspberry Pi mwaka wa pili, inapiga kazi bila shida, umeme kidogo mno. Msimtishe mtu na makompyuta. Pi 5 ndiyo jibu.

#12 FundiMwembeTayari
@DarMpaka karibu mkuu. Pi yako ni 4 au 5?

#13 DarMpaka
4.

#14 FundiMwembeTayari
Basi hapo. Pi 4 ina chipu ya kusuka video kwa H.264, ile namna ya zamani ya kubana video. Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, wameiondoa. Yaweza kuifungua HEVC, lakini kuisuka video upya ni kazi ya prosesa tupu. Ndiyo maana watu wa Jellyfin wenyewe hawaipendekezi Pi kwa kazi ya kugeuza. Kama TV zako zote zafungua kila faili zenyewe, Pi ni sawa, maana seva huwa ni karani wa kutoa faili tu. TV moja ikikataa, umekwama.

#15 DarMpaka
Kwangu TV zote zinafungua. Kwa hiyo kumbe tatizo ni TV, siyo seva. Anunue TV 😀

#16 MwanaKuze
Nimefanya alivyosema @BintiTudor. Chini kwangu: harusi ya mwaka jana yacheza moja kwa moja, lakini yakwama mara mojamoja. Juu kwa mama: inageuzwa, sababu ni kodeki ya video haikubaliki. TV ya mama ni ya 1080p, ya zamani kidogo. Prosesa ya laptopu yafika asilimia 100 na feni yalia.

Halafu kuna harusi moja, ya binti ya ami yangu, hata chini inageuzwa. TV yangu ni ya 4K na ni mpya. Hii siielewi.

#17 FundiMwembeTayari
Asilimia 100. Nimemaliza.

#18 MkiaWaWaya
Hujamaliza. Ya chini yacheza moja kwa moja na bado yakwama. Hapo prosesa haifanyi chochote, faili inapita tu. Kama si waifai ni nini?

#19 MzeeBandari
Joto na chumvi, wanangu. Mwasema prosesa na waifai, hakuna aliyetaja hewa ya hapa. Laptopu imekaa wapi? Kama iko ghorofani chini ya bati, jioni chumba kimekusanya joto la mchana kutwa. Prosesa ikichemka hujipunguza kasi yenyewe isiungue. Asubuhi utaiona shujaa, jioni mgonjwa. Hata diski: nyingi zimeandikwa kikomo cha nyuzi 60, na ndani ya kiganda cha plastiki kisichopumua, mwezi wa Februari, kufika hamsini na kitu si ajabu.

Na chumvi hula polepole. Nimewahi kufungua kompyuta iliyokuwa chumba cha kuelekea bahari. Meno ya RAM yalikuwa na ukungu wa kijani, skrubu zimeshika kutu mpaka bisibisi yateleza. Nilisugua meno yale kwa kifutio cha penseli, yakang'aa, ikawaka. Baada ya muda ikarudia. Yeyote anayenunua mtumba aifungue kwanza atazame sehemu za USB na za waya wa mtandao. Ukiona madoa meupe au kijani, iache.

#20 Mtwapa_Sola
Mzee kweli kuhusu jioni, lakini huenda ni nguvu ya stima. Mtaa wetu jioni taa huwa nyekundu, stima yashuka.

#21 BintiTudor
@Mtwapa_Sola adapta ya laptopu yapokea volti 100 hadi 240, kushuka huko haikuoni. Rauta vivyo hivyo, soma nyuma ya adapta yake. Ikizimika kabisa ni mambo mengine, na laptopu kwa hilo yawashinda wote kwa sababu ina betri. Ila betri inayochomekwa mwaka mzima huvimba. Kama mashine yaruhusu, iwekee kikomo ijaze asilimia 80 tu.

#22 KameraYaHarusi
Mimi hupiga video za harusi na nimeusoma uzi wote nikicheka. @MwanaKuze hiyo harusi ya binti ya ami yako, aliyepiga aliwapa faili zilizohaririwa, au aliwamwagia kila kitu kutoka kwenye kamera?

#23 MwanaKuze
Vyote viwili. Kuna filamu fupi, halafu folda kubwa ya vipande. Mama ataka vipande. Asema filamu fupi imewakata wajomba.

#24 KameraYaHarusi
Ndiyo hiyo. Kamera nyingi za kisasa hurekodi HEVC ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, zinazobeba habari nyingi za rangi kuliko 4:2:0. TV hutengenezewa 4:2:0, hiyo nyingine haziijui, hata ya 4K uliyoinunua jana. Kwa hivyo lazima igeuzwe. Na hapa fundi wetu anisamehe: chipu ya picha ya UHD 630 iliyo kwenye i5-8500T pia haifungui HEVC ya 4:2:2. Intel wamelianza hilo kwenye kizazi cha 10 cha Ice Lake. N100 yaliweza. G4 mtakayoilipia mbiombio italia feni kama laptopu.

Tena vipande vya kamera hufika megabiti 100, hata 200 kwa sekunde. TV nyingi tundu lake la waya ni la megabiti 100, hata ikiwa nyumba nzima ina swichi ya giga. Kwa faili hizo waya hautoshi, na waifai nzuri yaweza kuushinda waya.

Mimi mteja nampa nakala mbili: ya kuhifadhi, na ya kutazama iliyosukwa H.264 ya 1080p. Hiyo ya pili yacheza popote, hata kwenye laptopu yako.

#25 Kusi_na_Kaskazi
@KameraYaHarusi kwa hivyo mchawi ni wapiga video 😂 uzi umepata mshtakiwa wa tano.

#26 FundiMwembeTayari
4:2:2 ni folda moja. Mashine hainunuliwi kwa folda moja. Hizo nyingine zinazogeuzwa kwa mama ni HEVC za kawaida, na 8500T yazimeza bila kutoa jasho. Pia ina viini sita vya kweli, na RAM waweza kuongeza mpaka uchoke. N100 ni viini vinne vidogo na RAM njia moja. Kesho atataka kuweka mambo mengine juu yake.

#27 Mtwapa_Sola
Mambo gani? Mama ataka kuona wajomba.

#28 MsomiWaDiski
Naona NAS imesahauliwa. Faida yake ni diski kukaa ndani mahali pamoja, zina feni, na moja ikifa nyingine ipo. Ubaya: angalia prosesa iliyo ndani. DS923+ kwa mfano ina Ryzen R1600, ambayo haina chipu ya picha hata kidogo, kwa hivyo kugeuza video kwa chipu haipo. DS224+ ina Celeron J4125, nayo yageuza HEVC za kawaida vizuri. Watu huona kubwa na ghali wakadhani yafanya kila kitu. Ni mtego uleule wa prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni: zina nguvu, hazina picha.

Kwa 35,000 bila diski, lakini, sioni NAS ikiingia.

Na hata ukiipata, diski mbili zinazofanana si akiba. Ukifuta kwa bahati mbaya, imefutwa kote kuwili. Radi ikipita, zote ziko kwenye waya mmoja. Kanda za VHS za mzee hazirudiwi. Nunua diski ya pili, nakili, kaiweke kwa shangazi Changamwe.

#29 Mpenda_Bure
Diski gani isiyo ghali?

#30 MsomiWaDiski
Ya kusoma tu video hata ya SMR ni sawa, ndiyo zile ambazo mistari ya data hulaliana kama vigae. Ni nzito kwenye kuandika mfululizo. Kwenye NAS zikijengwa upya baada ya moja kufa huwa kilio. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila kuandikwa. Kwa hivyo usitazame rangi ya stika, tafuta namba kamili ya modeli.

#31 Mwanahawa_Kizingo
Swali la kaka wa Muskat limepotea. Mimi watoto wangu wako nje na nimelipitia. Mitandao mingi ya nyumbani haikupi anwani yako ya hadharani, mwagawana moja watu wengi, kwa hivyo kufungua mlango kwenye rauta hakusaidii. Niliweka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vilivyo mbali kama viko mtandao mmoja, kwenye seva na kwenye simu zao, wakaingia kama wako sebuleni. Ila kasi ya kupandisha ndiyo itakayoamua. Hata mashine iwe ya namna gani, 4K ya megabiti 100 haitoki nyumbani kwenda Omani. Seva lazima iishushe iwe 1080p ya megabiti sita au nane. Hapo ndipo chipu ya kugeuza yahitajika kweli, si kwa mama.

#32 Kusi_na_Kaskazi
Si atumie Plex, ile programu nyingine ya kazi hii? Jellyfin si ni mtoto wa Plex?

#33 BintiTudor
Wa Emby. Emby walipofunga msimbo wao, watu wakaichukua ile ya zamani Desemba 2018 wakaiita Jellyfin. Plex ni nyumba nyingine. Na Plex tangu Aprili 2025 kutazama ukiwa nje ya nyumba ni kwa kulipia, na kugeuza kwa chipu pia ni kwa kulipia. Jellyfin zote mbili bure. App za Plex kwenye TV ni laini zaidi, siwezi kukataa. Mama mkwe aliishika bila kufundishwa.

#34 MwanaKuze
Shukrani wote. Nimeazima kebo nikaivuta kwa ngazi hadi juu. Harusi ya mwaka jana kwa mama: bado yakwama, lakini si kama jana. Nikaihamisha laptopu chini penye vigae, feni ya meza ikiipulizia: ikakaa muda mrefu bila kukwama, kisha ikakwama. Kwenye TV yangu ya chini, kwa waya: safi kabisa. Vipande vya kamera: havitazamiki popote.

#35 MkiaWaWaya
Umeona? Chini imekuwa safi kwa waya. Ukuta.

#36 FundiMwembeTayari
Umeona? Juu bado yakwama hata kwa waya. Prosesa.

#37 MzeeBandari
Feni imesaidia, na hamjasema kitu.

#38 KameraYaHarusi
Na vipande?

#39 MkiaWaWaya
@MwanaKuze ukiamua kuweka waya wa kudumu, usinunue kebo ya bei ya kutupa. Nyingi ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ikunje mara mbili tatu kwenye kona ya ngazi, yakatika ndani na huoni. Kwaruza ncha kwa wembe: ikitokea nyeupe chini ya rangi ya shaba, iache. Na usipitishe nje. Jua litaitafuna plastiki, chumvi itakula meno ya shaba ya plagi, na mbele ya nyumba za Mji wa Kale hutoboi ovyo, ni eneo la hifadhi. Pitia penye bomba la maji kutoka chini.

#40 DarMpaka
Kwa hiyo Pi hapana?

#41 BintiTudor
Pi hapana, DarMpaka. Pole.

Mimi hesabu yangu hii hapa, kila mtu na yake. N100 kwa sababu ya vipande vya kamera na stima, waya mmoja hadi juu, na pesa zinazobaki ziwe diski ya pili. Kama N100 unayoonyeshwa haina jina wala dhamana, basi G3 ya 7500T, na vipande vya kamera uvisuke usiku viwe H.264, hata laptopu hiyo itavisuka polepole ukilala.

#42 FundiMwembeTayari
G4. Sitabadilika.

#43 MsomiWaDiski
Diski ya pili kabla ya zote.

#44 MwanaKuze
Nimempigia mwenye duka. G3 aliyo nayo hajui ni kizazi gani, asema "ni i5, zote sawa". N100 ina dhamana ya miezi sita. Nitakwenda Jumamosi na flashi ya Linux niziwashe zote mbili pale pale. @KameraYaHarusi nipe kipande kifupi cha 4:2:2 nikijaribu dukani.

#45 KameraYaHarusi
Nakutumia. Sekunde kumi, ni wajomba watupu.

#46 Mwanahawa_Kizingo
@KameraYaHarusi nina harusi ya mpwa wangu kabla ya Ramadhani. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani uko huru? Na nakala ya kutazama iwe ndani ya bei, tusije tukaanzisha uzi mwingine.